Safari ya Miguu na Mwanangu



Mwezi huu nimeombwa niandike habari za malezi ya vijana. Nilipokaa na kalamu mkononi nikaona kwamba mambo niliyoyajua kwa kusoma ni mengi, lakini lililonifundisha kwa kuniumiza ni moja tu; basi nitaandika hilo moja. Ni habari za safari niliyosafiri na mwanangu wa kiume, kijana wa miaka 15, kutoka Musoma mpaka Butiama kwa miguu, na baadaye kutoka Bunda mpaka ndani ya Serengeti. Sikuisafiri kwa kujifurahisha. Niliisafiri kwa sababu mwanangu alikuwa karibu kunipotea, hali analala ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Sisi twakaa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bunda, upande wa mashariki, mahali ambapo mtu akipanda kilimani huiona nyika ya Serengeti imetandikwa kama mkeka. Jioni moja katika mwezi wa Mei mama yake alikuwa akifagia, akakuta chini ya kitanda cha kijana kifurushi cha nyaya. Ninyi mkaao huku mwazijua nyaya hizo. Watu huchoma matairi makuukuu ya magari, mpira ukiisha kuungua hubaki chuma chembamba, nacho husokotwa kuwa tanzi. Tanzi hufungwa mtini katika njia ya wanyama, na mnyama akipita usiku hunaswa shingoni au mguuni. Mwenye kukamatwa na nyaya hizo ndani ya hifadhi, au na nyama ya porini asiyo na kibali chake, hushitakiwa, na adhabu yake si ndogo. Najua nyumba ambazo baba yumo gerezani na mama amebaki akilima peke yake.

Nikafanya walifanyalo baba wengi: nikaitwaa fimbo kwanza, na maswali nikayaacha yaje nyuma. Maswali hayakuja. Kijana hakulia wala hakujitetea. Tangu siku hiyo, kwa majuma matatu, aliniamkia asubuhi kwa adabu, akaniletea maji ya kunawa, akafanya kazi zote alizoagizwa. Lakini zaidi ya "Shikamoo" na "Ndiyo, Baba" sikupata kwake neno jingine. Mimi nafundisha watoto wa watu wengine kila juma, nao husema nami sana. Wangu nyumbani alikuwa kama mgeni aliyepanga chumba.

Mama yake alivumilia, kisha akaniambia, "Mwalimu, wewe ulilelewa machungani na baba yako. Huyu umemlea ukiwa umesimama mlangoni, unamwuliza madaftari."

Maneno hayo yalinikalia. Ni kweli nililelewa machungani. Katika nchi yetu, kwa Wazanaki, Waikizu, Wakurya na majirani wao, mtoto wa kiume alianza na ndama karibu na boma, akapewa mbuzi, na alipopata nguvu akaenda na ng'ombe mbali, pamoja na baba yake au ndugu wakubwa. Huko alijifunza majina ya majani, dalili za mvua, na unyayo wa fisi ulivyo mbali na wa mbwa. Kwa Waikoma, Wanata na Waissenye, walioishi kando ya nyika yenyewe, uwindaji ulikuwa kazi ya kuheshimiwa; Wanata husimulia kwamba baba yao wa kwanza alikuwa mwindaji, na mama yao wa kwanza mkulima. Babu yangu mzaa baba naye aliwinda kwa upinde, akifuatana na wanawe. Kisha mwaka 1951 Serengeti ikafanywa hifadhi ya taifa, na mipaka ikawekwa. Sisemi kwamba mipaka ile ni mibaya. Pasipo mipaka wanyama wale tungewaona katika picha tu. Nasema kwamba siku ile darasa moja la baba na mwana lilifungwa, na sisi wazazi hatukufungua jingine mahali pake. Shule zikaja, ambazo ni baraka, zikachukua mchana wote wa mtoto. Jioni akirudi humkuta baba amechoka.

Nikafikiri, nimpeleke wapi kijana huyu? Ndipo nikakumbuka njia ya Mwisenge.

Wengi wenu mwajua kwamba Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na kwamba katika utoto wake aliitwa Kambarage, akichunga mbuzi kama watoto wengine. Husimuliwa kwamba Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, alipomwona jinsi anavyocheza bao, alimshauri baba yake ampeleke shule. Basi mwaka 1934, akiwa na miaka 12, akapelekwa Shule ya Mwisenge katika mji wa Musoma, mwendo wa maili 26 hivi, yaani zaidi ya kilomita 40. Kwa mtoto aliyezoea vilima vya Butiama, Musoma na ziwa lake ilikuwa nchi nyingine. Na miguu ile haikuacha kutembea hata ukubwani: mwezi wa Oktoba mwaka 1967, akiwa Rais, alitoka Butiama akaenda kwa miguu mpaka Mwanza kwenye mkutano wa TANU, zaidi ya maili 130, kuliunga mkono Azimio la Arusha lililotangazwa mapema mwaka ule.

Nikamwambia mwanangu, "Likizo ya Juni tutakwenda Musoma kwa basi, nasi tutarudi mpaka Butiama kwa miguu." Akanitazama kama mtu anayengoja kusikia kosa lake. Akajibu, "Ndiyo, Baba."

Tulilala Musoma kwa ndugu yangu, na saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumesimama karibu na Mwisenge, upepo wa ziwa ukivuma baridi. Tulichukua blanketi mbili, chupa nne za maji, viazi vitamu vilivyochemshwa, dagaa wa kukaanga, kiberiti, panga na kitambaa cha kufungia jeraha. Mimi nilijipa mzigo mzito, kwa kuwa nilitaka aone kwamba sikuzeeka. Mwaweza kubashiri mwisho wa kiburi hicho.

Mpaka Bweri twalikwenda barabarani, magari yakitupita, na hatukusema kitu. Kisha tukaiacha lami, tukashika njia za ng'ombe kati ya mashamba ya muhogo na mtama, na vilima vya mawe makubwa vikaanza kutokea mbele yetu. Mtu asiyepata kuyaona mawe ya nchi yetu hawezi kusadiki. Yamepangana jiwe juu ya jiwe kama vyungu vya mfinyanzi, na juu yao pimbi huota jua asubuhi. Mwanangu akasimama kuwatazama pimbi. Nilitaka kumwambia asichelewe, neno likafika ulimini, nikalimeza. Tukasimama robo saa nzima tukiwatazama. Nadhani robo saa ile ilikuwa mwanzo wa safari yetu, ingawa tulikuwa tumetembea saa tatu tayari.

Ilipokaribia adhuhuri goti langu la kushoto likaanza kuuma. Nikaficha. Tukashuka korongo moja, nikateleza, nikakaa chini nisipende kukaa. Mwanangu akageuka. Hakusema neno, akautwaa mzigo wangu, akauweka juu ya wake, akanikatia fimbo ya mtembo, akatangulia. Tangu hapo yeye alikuwa mbele na mimi nyuma.

Wasomaji, mambo huwa mengine kabisa baba akiwa nyuma. Nyumbani mimi ndimi nijuaye, naye ndiye aulizwaye. Kule korongoni njia zilikuwa tatu, nami sikuijua ya kweli, maana tangu utoto wangu mashamba yamehama na njia zimehama nayo. Nikamwuliza, "Waonaje, tushike ipi?" Akapanda juu ya jiwe, akalitafuta ziwa nyuma yetu, akatazama jua, akasema, "Ziwa lawe nyuma ya bega la kushoto, Baba. Tukienda hivi hatutapotea sana." Nikacheka kwa lile neno "sana". Naye akacheka. Lilikuwa cheko la kwanza kati yetu tangu Mei.

Tukapotea kidogo, kama alivyosema. Jua lilipoanza kushuka Butiama ilikuwa bado mbali na goti limevimba. Tukafika penye boma la mzee mmoja mfugaji. Tukamwamkia, tukaeleza safari yetu. Akashangaa kwamba watu wenye nauli wanakwenda kwa miguu, lakini akatukaribisha kwa maziwa mgando na ugali, akatutengea chumba. Ndipo mwanangu akaninong'oneza, "Baba, twaweza kulala pale juu ya jiwe?" Lilikuwa jiwe pana, tambarare, nyuma ya zizi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona kitanda kwa macho yangu, na goti langu lilikuwa limekwisha kukikubali. Lakini nikamwomba mzee ruhusa. Akacheka akasema, "Mwalimu, jiwe halina kunguni," akatupa kuni.

Tukawasha moto. Watu wa mjini hawajui giza. Nyota zilikuwa nyingi hata kijana akanyamaza, tena kunyamaza kwake hakukuwa kule kwa nyumbani. Baada ya muda akauliza, "Babu alipata kulala nje namna hii?"

"Usiku mwingi sana."

"Na wewe, Baba?"

"Machungani, mara nne au tano."

"Mimi sijalala nje hata siku moja," akasema. "Wenzangu hunicheka. Husema mtoto wa mwalimu alijua pori katika kitabu cha jiografia."

Sikujibu. Nilimwachia moto naye. Akaendelea mwenyewe, akinieleza kwamba vijana wakubwa wawili waendao porini usiku walimwambia akileta nyaya watamchukua, atakuwa mwanamume kama wao. Nikamwuliza, "Ulitaka nyama, au fedha?"

Akafikiri kidogo. "Fedha pia, Baba, sitakudanganya. Lakini zaidi nilitaka kuona."

Haya ndiyo nilipaswa kuyasikia mwezi wa Mei, na kuyasikia kulikuwa hakuna gharama zaidi ya kuuliza. Kijana hakuwa na njaa ya nyama. Alikuwa na njaa ya pori lenyewe, na ya mtu mzima wa kwenda naye. Na kwa kuwa mimi sikuwa nafasi, walipatikana wengine wenye nafasi. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikosa kukupiga kabla ya kukuuliza." Mwajua katika desturi zetu baba hamwambii mwanawe maneno ya namna hiyo. Yalikuwa mazito kinywani kuliko mzigo mgongoni. Wala sikumwambia kwamba nyaya zile zilikuwa halali. Hilo alilijua, nami nililijua kwamba alilijua.

Hakujibu neno. Akasukuma kuni motoni, akakaa. Kisha akauliza, "Goti lauma bado?"

Usiku wa manane fisi akalia upande wa korongo, na mwingine akamwitikia. Kijana wangu mwenye kutaka kuwa mwanamume akavuta blanketi lake, akasogea mpaka mgongo wake ukagusa wangu. Sikusema kitu, wala sitamwambia kwamba nimeandika hapa. Alfajiri nilimwonyesha Kilimia kikichomoza mashariki, nikamweleza jinsi wazee walivyokitumia kujua majira ya kulima.

Siku ya pili tuliingia Butiama polepole, kama saa nne. Tukaenda Mwitongo, penye nyumba za Mwalimu na kaburi lake, ambapo alizikwa mwezi wa Oktoba mwaka 1999. Tukaona jumba la makumbusho, tukapita kando ya msitu wa Muhunda ambao Wazanaki waliuheshimu tangu zamani, na kwa heshima hiyo miti yake imebaki. Kijana alikuwa na maswali mengi kuliko siku zote. Miguu yake ilikuwa imeipima mwenyewe safari ya mtoto yule wa mwaka 1934, basi habari zile hazikuwa tena somo la kukariri.

Hapo Butiama nilizungumza na mzee mmoja wa ukoo wetu, nikamsifia jinsi baba wa zamani walivyokuwa karibu na wana wao machungani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Mwalimu, usiwapake mafuta," akasema. "Baba zetu hawakuzungumza nasi. Walitangulia, nasi tukatazama visigino vyao. Ng'ombe akipotea tulipigwa. Na wengi wetu hatukuiona shule kwa sababu ya ng'ombe hao." Nimeliandika neno lake kwa sababu mimi pia nilikuwa nimesahau. Baba yangu alinipenda, lakini nakumbuka visigino vyake kuliko sauti yake. Basi msidhani nawaambia mrudi nyuma. Yamkini lililo jema katika zamani ni njia na moto, na la kuongeza ni maneno.

Kutoka Butiama hatukutembea tena, kwa ajili ya goti. Tulipanda gari kwa njia ya Nyamuswa mpaka Bunda, tukafika nyumbani. Mama yake alipotusikia tukibishana uani juu ya nani aliyetupoteza, akaingia jikoni bila kuuliza habari za safari.

Lakini nilikuwa nimemwahidi kijana kwamba ataliona pori lile alilolitaka, kwa mlango wake. Baada ya majuma mawili sisi walimu kadhaa tulichanga fedha, tukakodi gari moja, kila mtu na mtoto wake, tukaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana kuliko cha mgeni, na watoto hulipa pungufu. Nimesikia wengi wakisema Serengeti ni ya Wazungu. Wengi wao hawajapata kuuliza bei.

Njiani niliwasimulia vijana habari za baba mwingine na mwanawe, Bernhard Grzimek na Michael, watu wa Ujerumani. Baba alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Walijifunza wote wawili kurusha ndege, na mwishoni mwa mwaka 1957 wakatoka kwao na ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia, wakaja kuwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, kazi ambayo haikuwa imefanywa namna hiyo. Walihesabu nyumbu karibu laki moja. Leo nyumbu hupita milioni moja, na sababu kubwa ni kwamba ugonjwa wa sotoka, uliokuwa ukiwaua ndama zao, ulikoma miaka ya 1960 baada ya ng'ombe wa nchi hizi kuchanjwa. Kwa hiyo wafugaji waliochanja ng'ombe wao waliwaponya nyumbu pia, wasijue.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akirusha ndege ile peke yake, akagongana na tai, ndege ikaanguka, akafa. Alikuwa na miaka 24. Akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baba yake akaimaliza kazi yao: kitabu, na sinema iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Alipokufa mwaka 1987 majivu yake yaliletwa yakazikwa kando ya mwanawe.

Mwanangu akauliza, "Alipata kujilaumu kwa kumleta?" Nikamwambia sijui. Kila mzazi ndani ya gari lile akatazama dirishani. Kumchukua mtoto porini si mchezo, na kumwacha nyumbani si salama vilevile. Mimi nilikuwa nimemwacha nyumbani, na nyaya zikaingia chini ya kitanda.

Tuliwaona nyumbu. Ilikuwa wakati ambapo makundi yao huwa upande huu wa magharibi, nao walijaza uwanda mpaka macho yakachoka. Mtoni Grumeti tuliwaona mamba waliolala kama magogo, na katika miti mirefu ya kando ya mto mbega weupe kwa weusi wakiruka. Nyamera, twiga, viboko. Sitawachosha kwa orodha. Lakini mchana, karibu na Kirawira, askari wa hifadhi aliyefuatana nasi akamwambia dereva asimame. Punda milia jike alikuwa amesimama peke yake kando ya kichaka. Shingoni palikuwa na waya uliokatika, umezama katika nyama, na mwisho wake ukining'inia. Kila alipoinama kula, aliukanyaga waya, ukamvuta, akainua kichwa asile.

Askari akatueleza, bila hasira, kwamba tanzi halichagui: atengaye kwa ajili ya nyumbu hunasa twiga, simba, hata tembo mkononga. Akasema tangu mwaka 2017 kuna kikosi maalumu cha kutafuta na kuondoa matanzi, na baadhi ya watu wake zamani walikuwa wawindaji wa haramu wao wenyewe, maana hao ndio wajuao yanapofichwa. Akaita wenzake kwa simu ya upepo ili daktari wa wanyama aje. Hatukungoja kuona mwisho, kwa kuwa jua lilikuwa limeshuka na lango hufungwa jioni.

Nilijizuia kumtazama mwanangu. Kama ningetazama, ningesema neno, na neno lolote siku ile lingeharibu kazi iliyofanywa na yule punda milia. Walimu, hili ndilo gumu kuliko yote kwetu. Tumezoea kwamba kila kitu kikionekana sharti kielezwe na kuandikwa ubaoni.

Tangu hapo wazazi kadhaa wameniuliza jinsi ya kufanya safari kama hizi, nao hawana fedha. Nawajibu kwamba Serengeti ilikuwa siku moja tu, na fedha nyingi kuliko zote zilikwenda huko; jiwe nyuma ya zizi lilikuwa bure. Chagueni njia ya siku moja kwanza, tena ya nchi wazi isiyo ndani ya hifadhi. Mwambieni mtu wapi mnakwenda na lini mtarudi. Maji ni mengi kuliko mnavyodhani; kila mtu lita tatu katika jua la kwetu si nyingi. Vaeni viatu vilivyozoea miguu. Msioge kandokando ya ziwa penye matete, kwa ajili ya mamba na viboko, wala penye maji yaliyotuama, kwa ajili ya kichocho. Ombeni ruhusa kwa wenye mahali kabla ya kuwasha moto, na zimeni moto kwa maji, si kwa mchanga tu. Simu iwe moja, nayo ikae ndani ya mkoba. Na baba apewe mzigo wa kadiri ya magoti yake.

Mtaniuliza nyaya ziko wapi. Nilikuwa nimezifungia sandukuni, sijui kwa nini; labda nilizihifadhi kama ushahidi wa kumkumbusha siku moja. Jumamosi baada ya kurudi Ndabaka mwanangu akaja akaniomba ufunguo. Nikampa. Akazitoa, akazinyosha moja moja juu ya jiwe kwa nyundo, kazi ya asubuhi nzima, kisha akafunga kwa hizo mlango wa banda la kuku, ambao nilikuwa nimeahidi kuutengeneza tangu Pasaka. Aliponiita kushika upande mmoja wa ubao nilikwenda. Ameufunga vizuri, ila umeinama kidogo kushoto, naye anasema ni upande niliokuwa nimeushika mimi.

Dada yake ana miaka 13. Alikaa akitazama kazi ile, akauliza kwa sauti ya kutusikiza sote, kwamba je, mawe na nyota ni za wavulana peke yao? Mama yake akasema yeye pia hajapata kulala nje tangu azaliwe. Basi Desemba twaenda wanne, na goti langu nimeanza kulikanda kwa mafuta.